Kichupa cha Pacha B

Saa nne asubuhi ukumbi wa mapokezi wa hospitali kuu ulikuwa umejaa pomoni. Watoto walilia, wazee walikohoa, kipaza sauti kilikwaruza namba za wagonjwa, na dawa ya kudekia sakafu ilimkaba kila mtu kooni. Katikati ya zogo hilo alipita binti mmoja mwenye koti jeupe lililompwaya, kilemba cha zambarau kichwani na sinia mikononi. Juu ya sinia kulikuwa na seti saba za meno bandia. Yeye ndiye aliyeyatengeneza. Karakana yake ilikuwa chini kabisa ya jengo, na kila mtu pale, wakubwa kwa wadogo, alimwita Fundi.

Upande wa pili alitokea kijana mrefu, shati la mistari limechomekewa vizuri, kasha la barafu begani, macho kwenye simu.

Sinia lilipopiga sakafu, foleni nzima iligeuka. Meno yakatawanyika chini ya viti. Bibi mmoja akainua miguu yote miwili akipiga kelele, maana seti moja ilikuwa imesimama karibu na kidole chake kama inayotaka kuuma.

"Mungu wangu! Meno ya watu!" Fundi alilia.

Kijana alishapiga magoti. "Samahani, dada. Samahani sana. Haya ni ya juu au ya chini?"

"Ya juu. Na hayo uliyoyakalia ni ya hakimu."

Kijana akanyanyuka haraka, akijipapasa nyuma. "Basi leo nimeumwa na mahakama."

Fundi hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimponyoka, na mwanya wake wa mbele ukaonekana. Kijana akabaki ameshika taya la plastiki mkononi, ameduwaa.

"Na wewe kwenye hilo kasha una nini? Samaki?"

"Mate."

"Nini?"

"Mate ya watu. Vichupa mia moja na ishirini. Mimi ni mtafiti wa chuo kikuu."

"Mimi nabeba meno, wewe mate," Fundi alisema akifuta taya la hakimu kwa kitambaa. "Tukipata ulimi tutakuwa na mdomo mzima."

Mtafiti akaomba namba ya simu, eti ajue kama hakimu atalalamika. Jioni akapiga.

"Hakimu anatafuna?"

"Anatafuna vizuri tu. Leo kamfunga mtu miaka mitatu."

"Basi meno yanafanya kazi. Na fundi wake je, amekula?"

Hivyo ndivyo yalivyoanza. Miezi miwili baadaye hakuna aliyelala bila kumsikia mwenzake. Fundi alimwita "Mate yangu", naye Mtafiti akajibu "Naam, Jino langu", na aliyewasikia kwa bahati mbaya alikunja uso. Wenyewe hawakujali. Fundi alikuwa mtu asiyejua kinyaa. Kutwa nzima alishika vinywa vya watu: ufizi uliooza, ukungu wa ndimi, vipande vya chakula cha juzi vilivyonata kwenye plasta. Alikula chakula chake cha mchana kando ya mataya hayo bila kusita.

Siku moja, wamekaa kwenye ngazi za chuo, Mtafiti alimweleza kazi yake. Profesa wake alikuwa anatafuta chanzo cha uhalifu. Je, mtu anazaliwa na uhalifu kwenye damu, au anaupata kwenye nyumba na mtaa? Walichukua mate ya wafungwa na ya ndugu zao, wakayapima, kisha wakawahoji kuhusu utoto wao.

"Tunachokitafuta hasa ni pacha wa kufanana," alisema. "Damu moja, waliolelewa mbalimbali. Mmoja gerezani, mwingine raia mwema. Hao ni dhahabu."

Fundi aliangalia viatu vyake. "Na wewe unaamini nini?"

"Mimi naona ni vyote viwili, kama chai na maziwa. Ukishakoroga huwezi kutenganisha. Mbona umenyamaza, Jino?"

"Nimechoka tu."

Hakuwa amechoka. Alikuwa na pacha wake gerezani, mwaka wa tisa kati ya kumi na tano, kwa unyang'anyi wa kutumia silaha ambao ulimwachia mwenye duka la dawa jicho moja. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alikwenda kumwona. Mtafiti aliambiwa kwamba ni siku ya kumtembelea shangazi aliyemlea. Kuhusu ndugu, aliambiwa hakuna.

Jumapili iliyofuata Profesa aliwaalika chakula cha mchana. Fundi alivaa gauni la njano lililombana kiunoni na viatu vyeusi vya kisigino kifupi. Alipoingia sebuleni alisimama ghafla. Kwenye rafu, kati ya vyombo vya maua, zilipangwa sura za plasta: nyuso za wafungwa zilizokandikwa wakiwa hai, macho yamefungwa, midomo imebanwa. Chini yake kulikuwa na safu ya masikio ya plasta, yamebandikwa kwenye ubao kama vipepeo. Yeye aliyezoea plasta alijikuta akishika masikio yake.

"Mikusanyo ya maisha yangu," Profesa alisema, akimkaribisha mezani. Alikuwa mzee mwenye tumbo la mviringo na shati jeupe pee. Alikula huku akihutubia. Mafuta ya kuku yalimtiririka hadi kwenye kiwiko, na mfupa aliutumia kama kijiti cha kufundishia.

"Wale wa idara ya sosholojia kazi yao kuimba samaki mkunje angali mbichi. Samaki gani? Papa utamkunja? Mtoto wa nyoka ni nyoka, basi! Nipe kichupa kimoja cha mate nitakwambia nani wa kufungwa kabla hajaota ndevu."

Kisha akanyoosha mkono ule ule, akamshika Fundi kidevu na kumgeuza uso upande.

"Ndewe za masikio zimeshikana na shavu," alimwambia Mtafiti, kana kwamba mwenye shavu hayupo. "Mwanya wa mbele. Sura nzuri, lakini andika pembeni. Sura kama hizi tunazo nyingi tu kule ndani."

"Mzee, mwache mgeni ale," mkewe alisema bila kuinua macho. Alionekana amesema hivyo kwa wageni wengi.

Njiani kurudi, Fundi alifuta kidevu mpaka ngozi ikawa nyekundu.

"Ni mkuu wangu, mpenzi," Mtafiti alijitetea. "Ana midomo, lakini hana ubaya."

"Kanipapasa kama anayenunua mbuzi. Na wewe umekaa unatafuna."

"Ningefanya nini?"

"Ungeacha kutafuna."

Wiki mbili baadaye, Mtafiti alikwenda gereza la wanawake kuhoji. Chumba alichopewa kilinuka jasho na sabuni ya mche. Alishahoji arobaini. Askari akamwita wa arobaini na moja, mlango ukafunguliwa, na aliyeingia alikuwa Fundi.

Uso ule ule. Mwanya ule ule. Nywele tu zilikuwa zimenyolewa, na kovu lilikata nyusi ya kushoto katikati. Kalamu ilimdondoka.

Mfungwa alimtazama kwa muda, akaona kasha la barafu, akatabasamu upande mmoja. "Kumbe ndiye wewe wa mate. Nasimuliwa habari zako kila mwezi. Hakimu bado anatafuna?"

"Hajaniambia habari zako," Mtafiti alisema kwa sauti ndogo. "Alisema hana ndugu."

"Ungekuwa wewe ungesema?"

Mtafiti akafunga jalada. "Sitakuhoji. Siwezi."

"Vizuri. Na usimwambie kwamba umeniona. Mwache aseme mwenyewe siku akiweza. Amebeba mzigo huu peke yake, usimpokonye."

Aliahidi. Na kama angeishia hapo, hadithi hii ingekuwa fupi na safi. Lakini Profesa alipopitia orodha alisema, "Wa arobaini na moja umemruka. Kumbukumbu za gereza zinasema ni pacha! Mtafute huyo mwenzake, hata kama yuko kaburini. Bila hao, tasnifu yako ni karatasi ya kufungia maandazi."

Miaka mitatu ya kazi. Mtafiti alilala na maneno hayo, akaamka nayo. Na ukweli mbaya zaidi ni kwamba haikuwa tasnifu peke yake. Kulikuwa na udadisi uliomwasha kama upele. Alipombusu mpenzi wake alijikuta anaangalia ndewe za masikio yake. Fundi alipocheka, yeye aliona kovu ambalo halikuwepo.

Jumamosi mchana Fundi alikunywa chai nyumbani kwa Mtafiti, akaondoka kuwahi zamu, akiimba kwenye ngazi. Mtafiti alisimama mbele ya kikombe. Palikuwa na alama ya mdomo wake, rangi ya zabibu. Akachukua kijiti cha pamba, akakizungusha taratibu pale pale alipokuwa amembusu nusu saa kabla, akakitia kwenye kichupa, akakiandika, akakiweka kwenye friji. Kisha akaenda kunawa mikono, mara mbili, kama mtu aliyeshika kitu kilichokufa.

Jumatano Fundi alikuja kupika. Alifungua friji akitafuta nyanya. Kando ya nyanya, kwenye kikombe cha yai, kilisimama kichupa. Mwandiko aliujua. *Pacha B. Asiye mhalifu. Kikombe.*

Mtafiti alimkuta amesimama, mlango wa friji uko wazi, ubaridi unamwagika miguuni pake.

"Pacha B ni nani?"

"Jino, nisikilize..."

"Usiniite hivyo. Pacha B ni nani?"

"Ni wewe."

"Ulijua tangu lini?"

"Wiki tatu. Nilimkuta gerezani, nikamwahidi..."

"Muongo! Ulijua tangu mwanzo. Hata yale meno uliyamwaga makusudi! Ulikuwa na orodha, ukaja kuvua." Sauti yake haikupanda; ilishuka, na hilo lilimtisha Mtafiti zaidi. "Umenibusu unatafuta nini? Umenilaza kichwa kifuani unapima nini?"

"Naapa sikujua. Tulikutana kwa bahati tu. Na kichupa sijakipeleka."

"Hujakipeleka! Nikushukuru?" Alijifuta midomo kwa kiganja, tena na tena. "Mimi nashika mate ya watu kila siku. Nimeshika usaha, nimeshika damu. Sijawahi kuona kinyaa maishani mwangu. Leo nimekiona. Ni wewe."

Alifika barabarani ndipo akatapika, ameshikilia nguzo ya taa, watu wakimpita. Mama mmoja akampa maji. "Pole mwanangu. Mimba?"

"Hapana, mama. Mwanaume."

"Ah," yule mama alisema. "Hiyo nayo hutapisha."

Mtafiti alipiga simu mara kumi na moja siku ile. Kesho yake mara sita. Ujumbe wake ulibaki bila kusomwa. Fundi alikata nta, akamwaga plasta, akasugua meno, na kila alichokiweka mdomoni kilikuwa na ladha ya pamba.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi alikwenda gerezani. Walikaa pande mbili za wavu, nyuso mbili zilizofanana, moja imefunikwa kilemba, nyingine imenyolewa. Fundi alimsimulia yote.

"Hapa hakudanganya," pacha wake alisema. "Aliponiona alidondosha kalamu, akafunga jalada. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Hilo la kikombe, hapo ni uchafu wake mwenyewe. Siwezi kumtetea."

"Wanataka kujua kwa nini wewe uko ndani na mimi niko nje." Fundi aliinama. Miaka ishirini na mbili alikuwa amelimeza jambo moja, na sasa lilikuja lenyewe. "Mimi najua kwa nini. Siku shangazi alipokuja kuchukua mtoto mmoja, alisema atamchukua aliyevaa viatu, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Tulikuwa na jozi moja tu, tukibadilishana. Ilikuwa zamu yako. Niliviiba alfajiri, nikavificha ndani ya nguo, nikavivaa gari lilipopiga honi. Ukabaki wewe na baba wa kambo na mkanda wake."

Pacha alipapasa kovu la nyusi yake. "Nilikuona ukiviiba."

"Ulikuwa umelala!"

"Nilikuwa nimefumba macho. Nilidhani unakwenda kucheza." Alisogeza uso karibu na wavu. "Nilikuchukia miaka mingi, nisikufiche. Lakini sikiliza, usijipe ukubwa. Yule mzee wa duka la dawa alikuwa ameshainua mikono. Alikuwa anasema, chukueni, wanangu, chukueni. Nikampiga chupa ya jicho hivyo hivyo. Mkanda wa baba wa kambo nauweka kwenye hesabu, na njaa, na wenzangu. Lakini chupa ilikuwa mkononi mwangu mimi. Profesa akisema ni damu, ananinyang'anya. Wewe ukisema ni viatu, unaninyang'anya vilevile. Niachieni basi hicho kimoja kilicho changu."

Fundi aliweka kiganja kwenye wavu. Pacha akaweka chake. Viganja vilikaa hapo mpaka kengele ilipolia.

Jumatatu, mlango wa karakana uligongwa, akaingia Profesa, shati jeupe pee, mkononi kijiti cha pamba ndani ya bomba lake.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya asali, "nilikwenda gerezani mwenyewe kumwona huyo namba arobaini na moja. Nilipoona uso nikakumbuka meza yangu. Yule mpumbavu wako alikuja na kichupa ofisini, nikadhani amepata akili. Akakimwaga kwenye sinki mbele ya macho yangu, akafungulia maji, akaniambia niendelee na masikio yangu peke yangu. Miaka mitatu! Sasa sisi wawili tumalizane. Fungua mdomo kidogo tu."

Kijiti kilikuwa kimeshatoka kwenye bomba. Harufu ya pumzi ya mzee ilifika kabla yake. Fundi hakurudi nyuma.

"Profesa, hapa anayefungua mdomo ni anayekaa kwenye kiti. Kaa."

Sijui ni mazoea au ni sauti yake. Mzee alikaa, akafungua. Fundi akawasha taa, akachungulia. Magego yalikuwa meusi, ufizi umevimba na kutoa majimaji, na nyuma kabisa nyuzi za nyama zilikuwa zimeoza kwenye tundu.

"Yameoza karibu yote," alisema, akizima taa. "Ni ya kurithi, Profesa, au ni sukari? Wewe ndiye mtaalamu."

Profesa akafunga mdomo. Akaondoka bila kufunga mlango. Fundi akafungua madirisha yote.

Kisha akachukua simu, akampigia Mtafiti.

"Ulikimwaga?"

"Nilikimwaga."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuandikia. Hukusoma."

"Njoo."

Alikuja baada ya nusu saa, amekonda, shati halijapigwa pasi. Fundi hakumkaribisha kiti. Walisimama, meza ya plasta katikati yao.

"Siku nne kichupa kilikaa kwenye friji," Fundi alisema. "Kwa siku nne ulikuwa unafikiri nini?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa amefanya mazoezi ya uongo mzuri njia nzima. "Kila asubuhi nilifungua friji nikakiangalia. Nilitaka kujua kama una kitu cha pacha wako ndani yako. Kama siku moja ungenigeukia."

Fundi akashika ukingo wa meza. Angalau hili lilikuwa na sura ya ukweli.

"Ninacho," alisema. "Mwizi wa kwanza nyumbani kwetu ni mimi." Akamsimulia habari za viatu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wakati wote alikuwa anaangalia mikono ya Mtafiti, kama itatafuta kalamu. Haikutafuta. Mtafiti alikuwa analia bila kujifuta, kamasi zinamtoka kama mtoto.

"Futa pua," Fundi alisema, akimtupia kitambaa. "Unatia kinyaa."

"Najua."

"Bado naona kinyaa kwako. Sijui kitaisha lini. Kikombe kile nilikivunja akilini mwangu mara mia."

"Nitasubiri."

"Hutasubiri kwa kukaa. Jumamosi ya kwanza utakuja na mimi. Bila kasha. Bila daftari. Bila swali hata moja."

Jumamosi hiyo ilipofika jua lilikuwa kali, na foleni ya wageni ilizunguka ukuta wa gereza. Fundi alivaa gauni la kijani na kilemba cheupe. Mtafiti alisimama nyuma yake, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Walisogea hatua kwa hatua, hawakushikana. Mara moja jasho lilimtiririka Fundi shingoni. Mtafiti akatoa leso, akasita, akampa aifute mwenyewe. Fundi aliipokea.

Dirishani alikaa askari wa kike mwenye miwani, daftari kubwa mbele yake. Alimwandika Fundi bila kuuliza, alishamjua. Kisha akainua macho.

"Na huyu? Uhusiano na mfungwa?"

Mtafiti akapima majibu kichwani. Utafiti alikuwa ameuacha. Rafiki ni neno ambalo mfungwa hakuwa amempa. Nyuma yao watu walianza kunung'unika.

"Kaka, nimeuliza. Wewe ni nani yake?"

Fundi aliinama dirishani, kilemba chake kikagusa nondo.

"Andika shemeji, afande," alisema.

Askari akamwangalia mmoja, akamwangalia mwingine. "Ndoa ilifungwa lini? Mbona sikualikwa?"

"Bado," Fundi alisema. "Lakini andika."